Kofia Iliyokurudishia Mkono

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, cherehani inazunguka, na Mama bado anakugombeza kwa kuacha pini kwenye kochi. Mpe shikamoo yake, mwambie shuka zimefika na ni nzuri mno. Mimi sijambo, ila nina hasira, na hasira yangu unaijua kwa sababu nimeirithi kwako. Ningepiga simu, lakini kwenye simu tunaishia kupayukiana, na haya nataka uyasome polepole, miwani ikiwa puani.

Mwaka jana uliwatangazia wateja wako kwamba wataalamu wa ubongo wamemnukuu binti yako zaidi ya mara elfu mbili. Fundi viatu wa jirani akauliza kama kila mara nalipwa, ukamwambia ashone viatu. Silipwi, Baba. Mwenzako akiandika makala, anataja kwamba wewe ulishalisema jambo fulani, basi. Lakini hapa kazini ndicho kipimo cha mtu. Mkuu wa maabara yetu, ambaye akitupa mgongo tunamwita Bwana Nukuu, asubuhi hafungui dirisha kabla hajaangalia ametajwa mara ngapi. Jina lake limo kwenye kila makala inayotoka humu, hata zile ambazo hajasoma zaidi ya kichwa cha makala.

Karibu nukuu zangu zote zinatoka kwenye makala moja niliyoandika naye, ile ya kofia. Kofia yenyewe unaijua, maana uliivaa: ile ya nyaya, inayopitisha umeme mdogo kichwani wakati mgonjwa wa kiharusi anafanya mazoezi ya mkono. Tuliijaribu kwa watu wachache, wakapata nafuu, tukaandika, wakubwa wakashangilia. Kliniki zikanunua kofia.

Mimi nikataka kuhakikisha. Nikarudia jaribio kwa wagonjwa wengi, kwenye kliniki kadhaa, na safari hii nusu yao walivaa kofia yenye umeme, nusu wakavaa kofia kama hiyo hiyo isiyo na umeme. Mgonjwa hakujua kapata ipi, aliyempima hakujua, nami sikujua. Siri ilikaa kwenye kompyuta mpaka mtu wa mwisho alipomaliza. Tulipoifungua, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa. Mazoezi ndiyo yaliyotibu. Kofia haikufanya lolote, Baba. Lolote kabisa.

Bwana Nukuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniagizia chai, nikajua hapa kuna jambo. Alisema kwa upole kwamba kamati ya vyeo inakaribia kukaa, uprofesa wangu umeshaiva, na ni wazimu mtu kuipinga makala yake mwenyewe. Akaomba matokeo yakae kwenye droo mpaka nipande cheo. Nikamuuliza kama na wagonjwa nao wakae kwenye droo. Akasema nisimletee maigizo, akanikumbusha kwamba bila ile kofia mimi ni mwalimu wa kawaida tu, mwenye makala chache zisizosomwa na mtu. Iliniuma, maana ni kweli.

Basi nikanywa chai yake yote, nikashukuru, nikarudi mezani kwangu nikaituma makala jaridani. Jina lake halimo. Alikataa liwekwe, na sijawahi kumwona akikataa kitu kama hicho! Jarida limekubali kuichapisha. Kamati nayo imeshakaa na cheo nimekikosa. Wameandika kwamba mchango wangu umetiliwa shaka. Umetiliwa shaka na nani kama si mimi mwenyewe? Wenzangu wananipita kwenye korido kama nina ukoma. Na wanipite. Sijutii, radhi siombi, na mwakani nitaomba cheo kile kile kwa makala hii hii, mpaka wachoke wao.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Wewe ulikuwa miongoni mwa wagonjwa wa jaribio hilo. Ndiyo maana kanuni zilinizuia kukupima wala kukuuliza chochote, ukadhani nakukwepa. Jaribio limekwisha, kila mshiriki ana haki ya kuambiwa alichopewa, na nimewaomba watu wa kliniki waniachie wewe nikwambie mwenyewe.

Kofia yako haikuwa na umeme.

Najua umemwambia kila mtu, hadi daktari wa meno aliyekuwa na koleo kinywani mwako, kwamba binti yako ndiye aliyekurudishia mkono. Acha kusema hivyo, Baba, nakuomba. Mimi sikukurudishia kitu. Nani alishika mkasi kwa vidole vyenye ganzi, akakata matambara, akaudondosha, akatukana, akauokota, akakata tena, mpaka Mama akaficha mapazia? Kwenye makala yangu hakuna majina, lakini mchoro upo, na katika kundi lisilo na umeme kuna mstari mmoja uliopanda kuliko wote. Ni wako. Anayetaka kunipinga aanze na huo.

Msalimie Mama, na mwambie fundi viatu kwamba bado silipwi. Nasubiri jibu lako, na usimpe Mama akuandikie. Andika mwenyewe, kwa mkono ule ule.

Ni mimi, mbishi wako,
Kifungua mimba