Aliyeniita Bibi

Mke mwenza,

Sisi wazima, goti tu ndilo linalonisumbua, na kuku mweupe siku hizi anakula mayai yake mwenyewe. Anayeniandikia ni jirani, fundi cherehani. Nimemwambia asipunguze neno.

Jana wazee wa kanisa walikuja na simu. Nikakuona humo, kwenye ukurasa wenye jina lako, umevaa joho la kwaya, unamtukana mchungaji huku unacheka. Sura yako, sauti yako, hata pengo lako. Wakasema, "Jumapili tunamtenga." Nikawaambia, "Mpigieni hapo hapo nimwone."

Ile sura ikapokea. "Shikamoo, bibi."

Tangu ujue kusema hujaniita bibi; sisi ni wake wenza, tunamgombea babu yako hata sasa akiwa kaburini. Nikaiuliza, "Mume wetu hajambo?"

Ikatabasamu. "Hajambo, bibi. Yuko hapa, anakusalimia."

Mzee aliyeshika simu akaidondosha. Hakuna aliyeiokota.

Kukutenga wameahirisha, ila jina lako limeshachafuka. Njoo ulisafishe mwenyewe kabla ya Jumapili. Usinipigie, sitapokea. Ukifika, simama mlangoni nikupapase uso kwanza.

Dole gumba hili hapa chini ni langu.