Gurudumu Dogo la Semhando

Bigwa, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri. Milima imejifunika, hata mgomba wa jirani siuoni vizuri.

Kuna kipande cha chuma nilichokificha miaka minne. Pumzi zinaniishia, na Ijumaa Padri anakuja kunipaka mafuta. Nataka niandike kwanza, wakati mkono bado unanitii.

Nilikuwa karani wa ghala la machimbo ya ulanga, yale mawe yanayong'aa tunayoyachimba milimani. Semhando, Mzigua, aliendesha motokaa ya mizigo ya Mdachi mwenye machimbo. Sisi Waluguru ni watani wa Wazigua, naye hakunipa nafasi ya kupumua. Siku moja, mbele ya wapagazi wote, alisema nimesoma mpaka miguu imesahau mlima, nitafutiwe machela kama mzungu. Walicheka wiki nzima.

Mtani hakasirikiwi. Mimi nilikasirika.

Magurudumu ya gari lake yalikuwa madogo, na tumbo lilikwama kwenye mawe. Mdachi akaagiza makubwa. Yalipofika, sandukuni mlikuwa na karatasi ya Kijerumani, nikaisoma peke yangu. Ilisema ukiweka magurudumu makubwa, ubadili pia gurudumu la meno linalovuta mnyororo, uweke lenye meno machache zaidi. Usipofanya hivyo gari litapanda kwa shida, na likishuka na mzigo injini haitalishika. Zitabaki breki peke yake.

Semhando alifunga magurudumu mapya, akajaribu kilima kidogo cha hapa, gari likahema. Akaja ghalani.

"Shikamoo, babu karani. Sandukuni hamkubaki kitu? Gari limekuwa zito."

"Mzigua na mlima wapi na wapi," nikamjibu. "Shuka kwa miguu, gari hilo litakuua."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Wapagazi walisikia kila neno.

Akapanda na gari mlimani kupakia. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko mkali, breki ziliungua, na gari likaenda naye korongoni.

Mazikoni nilitimiza ya utani. Nilijilaza kando ya kaburi, nikakataa azikwe mpaka nipewe kuku, nikasema Mzigua huyu nilimwonya, ila masikio alikopa. Watu walicheka huku wakilia.

Tangu siku ile mimi ndiye mzee aliyemwonya Semhando. Mjane wake, Mwanaidi, hunipikia uji kila asubuhi kwa sababu hiyo. Leo amepuliza kijiko, akakileta mdomoni kwangu.

"Kunywa, babu. Angekusikia wewe, tungekuwa naye."

Nimekunywa.

Mwanaidi, kusoma hujui. Nitamwomba Padri akusomee nikiwa ningali hai, uamue mwenyewe kuhusu uji.

Gurudumu dogo la meno lilikuja katika sanduku lile lile. Nilitaka ahangaike safari moja tu, kisha nimpe mbele ya wapagazi, nami nicheke. Aliponiuliza, lilikuwa chini ya meza, nimelikanyaga.