Askari Aliyeketi Juu ya Ndoo

Baba Editha,

Mwakeye, habari za hapo Titye? Nakuandikia nimeketi kando ya kitanda cha mtoto wetu, hapa wodini Kibondo. Kifua kimekuachia? Mihogo mmeianua kabla ya mvua? Mimi mzima, ila usingizi sina.

Sasa kaa chini kwanza. Editha hakuteleza mtoni kama tulivyoambiwa kwa simu. Amepigwa na mpini wa jembe. Mkono wa kushoto umevunjika, meno ya mbele hayapo, na blauzi ilikuwa imegandia mgongoni kwa damu, ikabidi niiloweshe maji ndiyo itoke. Mpini ulimkatikia mwilini, mtu huyo akaendelea na kipande.

Alikuja askari, akasimama miguuni pa kitanda. "Nani kakupiga? Taja jina."

Editha akainamisha kichwa.

"Jina, dada."

Akageukia ukutani.

"Mama, binti yako anaficha mtu. Mimi siwezi kukamata kivuli." Akaenda zake. Hata mimi hakunitajia, ila aliniambia mtu huyo, ambaye bado yuko huru, alimwahidi kummalizia akirudi nyumbani.

Kesho yake akaja askari wa kike, mtu wa Tanga kwa usemi wake. Akageuza ndoo, akaikalia. Jina hakuuliza.

"Siku ile ulikuwa unapika nini, mdogo wangu?"

"Maharage."

"Ya mbegu?"

Editha akamtazama. "Ya kula. Ya mbegu niliyafungia ndani. Ndiyo yalileta vita. Aliyataka akayauze, anywe."

"Aliyataka nani?"

Akanyamaza, na askari naye akanyamaza. Mimi nikafungua mdomo nimsaidie mtoto. Yule askari akaniwekea kiganja gotini, wala hakunitazama. Nikameza maneno yangu.

Ndipo Editha akasema, "Aliyemzaa mume wangu."

Unaona, Baba Editha? Tumemlea akijua mke hatamki jina la baba mkwe hata nyumba ikiungua. Angekufa na heshima hiyo mdomoni.

"Jina liache, majirani watanipa," askari akasema. "Wewe nieleze mpini ulikuwa wapi." Akaeleza yote, analia, anaendelea, hakuna aliyemkatiza. Jioni mzee akakamatwa, anamtukana hata marehemu mama yangu. Mkwe wetu yuko njiani kutoka machimboni.

Mwanetu Yona najua ameshanoa panga. Mwambie likate majani ya mbuzi. Damu niliyofua inatosha.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa yake ya mgongo nitakuja nayo. Msalimie na dada yako wa Mtabila, na mchungaji, atuombee.

Tukifika, usimuulize kitu mlangoni. Mpe maharage achambue, nawe chambua. Ataanza mwenyewe. Na akifika pagumu akanyamaza, tafadhali mume wangu, nishike goti mimi.

Ni mimi mwenzako,
Mama Editha