Kijiti Kwenye Kitufe cha Kushoto

Higashi-Osaka, mvua za Juni

Kwa mpwa wangu Katsuhiro,

Salamu nakupa, maana adabu ni adabu hata kwa mtu aliyenikera. Hali yako? Natumaini magoti ya mama yako yamepoa, na wewe usingizi unaupata, ingawa sijui unaupataje. Mimi ni mzima kama chuma. Jana nilikula mabakuli sita ya tambi hadi mwenye mgahawa akanisihi niwakumbuke na wateja wengine.

Ujumbe wako umenifika. Unasema nimekuangusha mbele ya mgeni, eti nije niombe radhi. Radhi! Mimi, kaka wa mama yako, niliyefunga mashine ya kwanza ya kukata bati katika karakana hiyo pamoja na marehemu baba yako, wewe ukiwa bado unanyonya kidole! Hebu tulia nikueleze.

Baba yako hakuwa msomi, kama mimi tu. Alikuwa na utaratibu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha umeme, kila fundi anasimama mbele ya mashine yake, ananyoosha kidole kwenye kila kinachoweza kumdhuru, anakitaja, na akikiona kiko salama anapaza: Sawa! Mimi ndiye niliyeongoza. Sauti yangu ilifika kituo cha treni. Siku moja dereva alidhani ni amri ya mkuu wa kituo, akaiondoa treni abiria wakiwa mguu ndani mguu nje. Kwa utaratibu huo tulipata kazi ya vipande vya milango ya treni, kazi inayowalisha hadi leo. Bibi Hatakeyama, mkaguzi wa kampuni inayonunua vipande hivyo, alimwambia baba yako waziwazi kwamba bei yetu ilikuwa juu kuliko ya wengine, ila mtu asiyeruka hatua ya kulinda kidole chake haruki hatua ya kupima kipande.

Baba yako akafa, ukaja wewe na viatu vyako vya kung'aa. Ukasema mbele ya mafundi kwamba mjomba anaongea na mashine kama mlevi anayetongoza nguzo ya umeme. Wakacheka. Ukafuta utaratibu, eti unakula muda. Kisha ukaleta ujanja wako. Kisu cha mashine hakishuki mpaka fundi abonyeze vitufe viwili kwa pamoja, mkono huku na mkono huku, ili mikono yote miwili iwe nje. Wewe ukachomeka kijiti cha kulia chakula kwenye kitufe cha kushoto kibaki kimebonyea, fundi abonyeze kwa mkono mmoja, wa pili uingize bati. Nilipokukemea ukasema babu nenda kapumzike. Babu! Na nywele zangu zote kichwani! Haikupita wiki, mashine ikang'ata ncha ya glavu ya fundi wako Yasui. Kidole kilipona kwa unene wa ukucha. Wewe ukamwambia atafute glavu inayombana.

Halafu Bibi Hatakeyama akatangaza kuja kukagua. Ghafla nikawa mtu! Ukaja kwangu na boksi la keki, mjomba hivi, mjomba vile, njoo uongoze kama zamani, sauti unayo. Nikaja. Mafundi wako walikuwa wamesahau kila kitu. Mmoja alinyooshea kidole mlango wa choo akapaza Sawa. Mgeni hakucheka. Nikafika kwenye mashine ya Yasui, nikanyoosha kidole kwenye kitufe cha kushoto, nikafungua mdomo. Kimya. Bibi Hatakeyama akafuata kidole changu, akainama, akachungulia. Alipoinuka alisema tu kwamba ameona, na kwamba kazi ya milango anaisimamisha mpaka arudi mwisho wa mwezi, na kama hakuna kilichobadilika ataipeleka kwingine.

Mama yako nilimwambia mafua yalinikaba koo. Nilimdanganya. Koo langu lilikuwa zima. Kabla mgeni hajafika uliwaamuru watoe vijiti vyote, cha Yasui kikagoma kutoka, ukakikata kichwa na kukipaka rangi nyeusi kisionekane. Nilikiona, Katsuhiro. Mimi ni mwongo, mtaa mzima unajua, na ile treni huenda haikuondoka. Lakini neno Sawa sijawahi kulipaza juu ya kitu kisicho sawa, kwa sababu kuna mtu anayeingiza mkono wake akiliamini.

Kwa hiyo radhi huipati. Keki nimekula, hairudi. Jumatatu asubuhi nitasimama mbele ya mashine ya Yasui na kidole changu. Kijiti kikiwa kimeng'olewa, na utaratibu umerudi, huyo bibi akija atanisikia tangu anashuka kwenye treni. Kikiwepo, siku akija nitanyamaza tena, mbele yake, na karakana ya baba yako utaifunga mwenyewe kwa mkono wako.

Nisalimie dada yangu, umwambie sikuwa na mafua. Yasui naye mshike mkono, maana wake ungali mzima.

Ni mimi mjomba wako, mwenye vidole vyake vyote kumi,
Gonpei