Sauti ya Baba Baada ya Uchaguzi

Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Jumapili, 14 Machi 1993.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwetu. U mzima? Kile kikohozi cha baridi ya huko kimekuachia? Sisi tupo, Mama magoti yanamsumbua, na mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nivumilie tu.

Barua yako ya pongezi ilifika. Uliandika kwamba serikali mpya imeingia, sasa tutapumua. Haya, ngoja nikusimulie tunavyopumua.

Kazi ya Baba unaijua. Tangu hujazaliwa anazunguka na kigari chake chenye vipaza sauti juu ya paa, anatangaza misiba, maji kukatika, watoto waliopotea. Wakati wa kampeni, asubuhi alitangaza mikutano ya chama tawala, mchana ya wapinzani. Alisema mkutano uko wapi na saa ngapi, basi. Kura yake alimpa nani? Mama mwenyewe hajui mpaka leo.

Wapinzani wakashinda. Wiki haikuisha, diwani mpya, yule mwenye duka la mabati aliyekuwa anakuja kunywa chai kwetu akiomba kura, akatuma watu waje kung'oa vipaza sauti. Eti sauti ya Baba ni ya utawala wa zamani, inawatia watu kichefuchefu. Hebu niambie, sauti nayo ina kadi ya chama? Na mikutano yake yeye ilitangazwa na nani? Kazi akampa mpwa wake, anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni.

Baba hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa tu sebuleni. Hata maji akiyataka, ananionyesha kikombe kwa kidole.

Halafu surua ikaingia mtaani. Mtoto wa jirani yetu fundi cherehani tukamzika. Nesi wa zahanati alikuwa na chanjo tayari, mpwa akatumwa kutangaza. Nani amwelewe? Wengine walidhani anauza mkaa. Nesi akairudisha chanjo kwenye friji huku analia.

Sasa sikia vituko. Jumatano diwani huyo huyo akapiga hodi, amenywea kabisa. Waziri anakuja Ijumaa, uwanja lazima ujae, mzee wetu tusaidie. Na vipaza sauti kaja navyo! Nilitaka kumtoa na ufagio. Baba akasema, "Sawa, nitatangaza." Wee! Nilimwambia Baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba hana msimamo, kwamba anatuaibisha. Yeye akatoka kufunga vipaza sauti.

Ijumaa nilikuwa naanika nguo nikamsikia kwenye kona ya kwanza: "Akina mama, leteni watoto zahanati, chanjo ya surua ni leo." Kona ya pili, hivyo hivyo. Mpaka saa sita mchana, na waziri hakumtaja hata mara moja. Foleni ya zahanati ilifika barabarani, nami nimo na mwanangu mgongoni. Waziri alihutubia viti.

Jana wamechukua vipaza sauti, wakachukua kigari, wakamchukua na Baba. Eti amehujumu serikali! Mama kapeleka blanketi kituo cha polisi, wamelipokea lakini kumwona wamemkatalia. Kwa hiyo pongezi zako nazirudisha humu humu ndani ya bahasha. Badala yake tafuta mtu huko anayejua sheria.

Leo asubuhi askari alinizuia mlangoni hapo kituoni. Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikapaza sauti: "Baba, watoto wamechanjwa!" Kisha nikamsikia kutoka ndani, ile sauti yake ya kazini, mtaa mzima ukageuka: "Na wale wa ng'ambo ya reli je?"

Kesho naenda ng'ambo ya reli, kwa miguu, kwa koo langu hili hili.

Msalimie wifi na watoto, na Baba mdogo ukimwona. Mama anakuombea heri na kifua chenye afya. Mungu akulinde huko, na huku atulinde na wanaotuongoza.

Wako akupendaye, hata nikikasirika,
Dada yako.