Kura Zilizopotea Kengele ya Sala Ilipolia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tavita Leasiolagi. Umri: miaka 83. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: kijiji cha Faletolu, kisiwa cha Tutuila, Samoa ya Marekani.

Kwa miaka thelathini na sita nimemficha mwizi wa kura za kijiji chetu. Daktari amenipa wiki chache. Jeneza la Sefo Matagi linawasili Alhamisi kutoka Honolulu, na baraza la machifu limekataa azikwe kwao kwa sababu ya kura hizo. Naogopa kumkuta huko aliko.

Mnamo Jumanne tarehe 8 Novemba mwaka ule tulichagua mjumbe wa kwenda Washington. Kaka yangu, Chifu Tuilagi, alikuwa mgombea. Mimi na Sefo tulikuwa makarani wa kituo. Saa kumi na mbili jioni tulifungua sanduku. Sefo alicheka: "Mwalimu, mjumbe mwenyewe hapigi kura huko bungeni, na sisi huku tunatoleana macho!"

Saa kumi na mbili na nusu kengele ya sala ililia. Kijiji kizima kilinyamaza. Sefo aliinamisha kichwa.

Tulipomaliza kuhesabu, kura thelathini na moja hazikuwepo. Kaka alishindwa kwa kura kumi na tisa, na watu wakaamini zilizopotea zilikuwa zake. Vijana walimvamia Sefo, wakang'oa magimbi yake. "Mwizi wa kura za Chifu! Zitapike!" Nilitazama dirishani.

Jumamosi alfajiri baba yake Sefo, mzee Ioane, alipiga magoti mbele ya nyumba yetu, amejifunika mkeka wa heshima, kuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Alikaa juani hadi saa sita. Kaka akasema, "Tavita, kamfunue. Mzee wa watu ataungua."

Nilimfunua, ishara kwetu kwamba ukoo wake umesamehewa. Akaniambia, "Mwanangu anaapa hakuchukua. Lakini nimekuja."

Nikajibu, "Tumesamehe, baba."

Baraza lilimfukuza Sefo hata hivyo.

Kengele ilipolia, Sefo alifumba macho. Mimi sikufumba. Kura zile nilizificha kiunoni. Nilipoufunua mkeka zilikuwa chini ya godoro langu. Jumapili nilizichoma kwenye tanuri la mawe. Hazikuwa za kaka. Zote zilikuwa za mpinzani wake. Niliogopa ajue kuwa watu wake wamemkataa.

Nimesomewa maneno haya, nami nayakiri kuwa yangu.

Sahihi: T. Leasiolagi

Yameandikwa nami, Koplo Lupe Faiai. Shahidi alitia sahihi kwa shida. Alipofika mlangoni aliomba arudishwe, niongeze sentensi moja: "Mojawapo ya kura zile ilikuwa yangu."