Nguchiro Aliyebaki na Watoto

Dada yangu Skolastika,

Shikamoo. Hii usimsomee mama kwa sauti kama zile nyingine. Isome kwanza peke yako. Mgongo wake unaendeleaje? Na mahindi ya hapo Mpitimbi yamebeba? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha.

Bado nipo huku kaskazini na watafiti, napima nguchiro. Usicheke, ndiyo kazi uliyonisomeshea. Asubuhi kundi likitoka kutafuta wadudu, jike mmoja hubaki shimoni kulinda watoto wasio wake. Wenzake wanarudi wameshiba, yeye kutwa nzima hajatia kitu mdomoni. Namwekea yai kidogo juu ya mzani, anapanda mwenyewe. Kila siku amepungua. Nilimpa jina lako, nisamehe.

Nilimuuliza bosi wangu, mama mmoja mtaratibu, huyu anapata nini. Akasema wale ni wadogo zake, damu moja. Wakikua, ni kama na yeye amezaa kidogo. Nikafurahi mno, nikajiona nimesameheka.

Wiki iliyopita yule nguchiro hakuwepo. Nikadhani mwewe kamchukua. Bosi akasema hapana, kapata dume wa kundi la jirani, kaondoka.

"Hubaki kwa sababu hajapata pa kwenda," akaniambia. "Akipapata, hakuna wa kumzuia."

Siku ile sikula.

Dada, wewe ulizuiwa. Nilikuwa kidato cha tatu. Wewe uko shambani, mama kalala, mshenga wa yule fundi seremala akaja na barua ya posa. Baba alishafariki, mwanaume wa nyumba nilikuwa mimi, basi akanikabidhi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia umeshaposwa Hanga. Niliwaza nani atalima, nani atamwinua mama kitandani, mimi nitasomaje. Ulikuwa uchoyo, sina neno zuri la kuufunika. Miaka yote umekuwa ukisema fundi alikutania tu, unacheka, na mimi nacheka nawe.

Barua yake ndiyo hiyo bahasha ndogo humu ndani. Haijafunguliwa. Najua ameshaoa, najua naileta kwa kuchelewa. Desemba nakuja, ukikubali kunipokea. Ukikataa nitafikia kwa mjomba na sitalalamika.

Msalimie mama, shangazi wa Hanga, na mama jirani anayekusaidia kuvuna.

Fundi hakukutania, dada. Alikutaka.

Mdogo wako,
Deo